Fleury: kijiji chenye meya na makaburi 16,142, ila mkazi hakuna

Taasisi ya takwimu ya Ufaransa huchapisha kila mwaka idadi ya wakazi wa kila kijiji na kila mji wa nchi ile, karibu mistari 35,000. Mingi haina la kumshangaza mtu. Lakini ukishuka hadi departementi (tuseme mkoa) ya Meuse, kaskazini-mashariki, unakutana na jina refu kidogo, Fleury-devant-Douaumont, na mbele yake tarakimu moja tu: 0. Karani hakukosea. Hapana mtu anayelala pale, hapana moshi wa jikoni, hapana kuku. Na bado kijiji hicho kina mipaka yake kwenye ramani, kina bajeti, kina anwani ya posta, na kina meya.

Sisi mahali palipohamwa tunapaita mahame, wengine ganjo. Mahame huwa na mibuyu, kisima kilichofukiwa, labda makaburi mawili matatu, na hadithi za wazee. Hayawi na mwenyekiti. Wafaransa wao wana mahame yenye uongozi kamili, na ukimuuliza mtu imekuwaje, wengi watakujibu kwa neno moja: vita. Jibu hilo ni kweli nusu. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa watu, ila havielezi kwa nini kijiji kilibaki baada ya watu kwisha. Fundo hili lina nyuzi tatu, yaani mwamba, sheria na wafu, na uzi wa kwanza una umri wa zaidi ya miaka milioni 150.

Kwanza jina. Akina Fleury wako wengi Ufaransa, kwa hiyo huyu akaongezewa jina la jirani: "devant Douaumont" maana yake ni mbele ya Douaumont, kama mtu anavyoitwa Juma wa Mwanahawa asije akachanganywa na Juma mwingine. Douaumont nacho kilikuwa kijiji kidogo. Kumbuka jina hilo, litarudi mara nyingi.

Mji mkubwa wa karibu ni Verdun, kwenye mto Meuse, zaidi ya kilomita 200 mashariki mwa Paris. Fleury iko kilomita kama saba kutoka Verdun, upande wa kulia wa mto, juu ya safu ya vilima iitwayo Côtes de Meuse. Usifikirie milima. Pale Douaumont, palipo juu kuliko kote katika eneo hilo, hapafiki mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyekulia Lushoto angepaita tuta.

Ili kuelewa tuta hilo, chukua masinia matano au sita, makubwa yatangulie chini, madogo yafuate juu, uyapange moja ndani ya jingine. Weka Paris katikati ya sinia la juu kabisa. Kila sinia ni tabaka la mwamba lililotulia chini ya bahari ya kale, na kingo zake zimeinuka kuelekea nje. Sasa nyeshea mvua kwa mamilioni ya miaka. Tabaka laini, la mfinyanzi, linaliwa na kuwa tambarare. Tabaka gumu, la mawe ya chokaa, linabaki limesimama kama ukingo. Ndiyo maana ukitoka Paris kwenda mashariki unapanda pole pole bila kujua kwamba unapanda, halafu ardhi inakatika mbele yako ghafla, na chini unaona bapa kubwa limetandazwa hadi upeo wa macho. Ukingo mmojawapo ndio huu wa Meuse. Bapa lililo chini yake linaitwa Woëvre, nchi ya mfinyanzi, mabwawa na matope.

Kila ukingo wa namna hii una mgongo na una uso, na uso wa huu unatazama mashariki. Anayetoka Paris anaupanda kwa mteremko mpole. Anayetoka Ujerumani anaukuta kama ukuta.

Mawe ya chokaa yana tabia nyingine ambayo watu wa Zanzibar na Tanga wanaijua bila kufundishwa: hayashiki maji. Mvua inanyesha, inapenya kwenye nyufa, inapotea, na inakuja kutokea chini, pale chokaa inapokutana na mfinyanzi. Uwanda wa juu unabaki mkavu. Kwa hiyo vijiji vya huko juu vilikuwa vidogo, vikajibana kwenye vikunjo vya ardhi na karibu na chemchemi, na birika la kufulia nguo, lililojengwa kwa mawe na kuezekwa, lilikuwa mali ya wote na kituo cha habari zote. Kila aliyetaka kujua kilichosemwa na fulani jana usiku alikijulia hapo, magoti yakiwa kwenye jiwe na mikono ndani ya maji baridi.

Kabla ya vita Fleury ilikuwa na watu 422. Walikuwa wakulima na wakata miti, pamoja na mafundi wachache wanaohitajika na watu 422: mwoka mikate, mwenye duka, mwalimu. Reli ndogo, ya zile njia nyembamba za mashambani, ilipita hapo na kuwa na kituo.

Vijiji vya Lorraine, ambalo ndilo jina la zamani la eneo hilo lote, vina umbo lao la pekee. Nyumba hazitawanyiki mashambani kila mtu na boma lake. Zimeshikana ukuta kwa ukuta pande mbili za barabara moja, kila moja nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, na watu, farasi, ng'ombe na nyasi kavu wote chini ya paa moja. Kati ya mlango na barabara kuna ukanda mpana wa ardhi unaoitwa usoir. Si barabara, si uwanja wa mwenye nyumba hasa. Ni wa wote, lakini kila mmoja anatumia ulio mbele yake. Hapo ndipo lilipokaa gari la kukokotwa, hapo ziliporundikwa kuni za majira ya baridi, na hapo, mbele ya dirisha kabisa, lilipokaa lundo la samadi. Mgeni kutoka mjini alifunika pua. Mwenyeji aliangalia ukubwa wa lundo, maana samadi nyingi ni mifugo mingi, na mifugo mingi ni mchumba anayefaa. Mtu angeweza kupita barabara hiyo moja na kujua utajiri wa kijiji kizima bila kuuliza.

Mashamba nayo yalikuwa na kanuni zake. Ardhi yote ya kijiji iligawanywa mafungu matatu: mwaka huu fungu moja ngano, la pili nafaka ya majira ya kuchipua, hasa ya kulishia farasi, la tatu linapumzika na mifugo inachungwa juu yake, mwaka unaofuata yanazunguka. Hapakuwa na ua. Kila familia ilikuwa na vipande vyembamba huku na huku katika mafungu yote, na kwa kuwa kukifikia kipande chako ilibidi ukanyage cha jirani, wote walilima siku moja na kuvuna siku moja. Msitu pia ulikuwa wa pamoja, na kila kaya ilipewa fungu lake la kuni: jiko moja, fungu moja. Nayasema haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayoeleza kitu ambacho Wafaransa walikuja kukiandika kwenye sheria baadaye, kwamba kijiji ni zaidi ya jumla ya nyumba zake. Kilikuwa na mali ambayo haikuwa ya mtu.

Kuhusu wafalme na maaskofu nitapita haraka. Mwaka 843 wajukuu wa Charlemagne waligawana himaya ya babu yao kwa mkataba uliopewa jina la Verdun, na kwa karne nyingi nchi hii ikawa ya katikati, ikivutwa huku na huku. Verdun ilitawaliwa na askofu wake chini ya himaya ya Kijerumani mpaka mfalme Henri II wa Ufaransa alipoichukua mwaka 1552, na mkataba wa mwaka 1648 ukaithibitisha kuwa ya Ufaransa. Mkulima wa uwandani aliendelea kulipa kodi. Waliobadilika ni waliozipokea.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na Mapinduzi ya Ufaransa. Kwa amri ya tarehe 14 Desemba 1789, kila parokia na kila mji, kikubwa kwa kidogo, uligeuzwa kuwa komuni yenye baraza na meya wake, yote kwa sheria ileile. Paris ni komuni, na kijiji cha watu 40 ni komuni. Msomaji wa Bujumbura au Bukavu neno hili si geni kwake: komine ilifika huko kwa mkono wa Ubelgiji, nayo Ubelgiji iliupata mfumo huo ilipokuwa chini ya Wafaransa kuanzia miaka ya 1790.

Sasa shika uzi huu vizuri, kwa sababu bila huo mambo yote ya baadaye yataonekana mzaha. Komuni ni nafsi ya kisheria. Inamiliki msitu, inadai na kudaiwa, inashtaki na kushtakiwa, inatunza daftari la waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Haiwi komuni kwa kuwa ina watu wengi, bali kwa kuwa sheria imeitambua na ina mipaka. Watu huzaliwa na kufa ndani yake. Yenyewe haifi mpaka dola iifute au iiunganishe na nyingine.

Kisha mwamba ukaingia kwenye siasa. Ufaransa ilishindwa na Ujerumani katika vita vya 1870 na 1871, ikapoteza Alsace na sehemu ya Lorraine, pamoja na Metz, mji ulio kilomita kama 60 tu kutoka Verdun. Mpaka ukasogea mpaka karibu kabisa na Woëvre. Ule ukingo wa chokaa wenye uso wa mashariki, ambao mpaka jana ulikuwa tatizo la mwenye farasi mchovu, ukawa ngome ya asili. Jenerali Séré de Rivières akapewa kazi ya kuupanga mstari wa ulinzi, na vilima vya Verdun vikajazwa ngome za mawe na baadaye zege. Ujenzi wa ngome ya Douaumont ulianza 1885. Ukisimama Fleury, ulikuwa na Douaumont kaskazini, Vaux mashariki, Souville kusini. Kijiji kikajikuta kimekaa katikati ya pembetatu ya mizinga, na wakati huo watu waliona ni usalama.

Asubuhi ya tarehe 21 Februari 1916 Wajerumani walifungua mizinga zaidi ya 1,200 juu ya eneo hilo. Siku hiyohiyo watu wa Fleury walihamishwa. Ilikuwa baridi kali. Waliondoka na kilichoenea mikononi na kwenye mkokoteni, wakiamini kwamba watarudi. Siku nne baadaye ngome kuu ya Douaumont ilitekwa karibu bila mapigano, kwa kuwa ndani mlikuwa na askari wachache mno. Ile ya Vaux ilishikilia mpaka tarehe 7 Juni, na kilichowaangusha waliokuwamo ni kiu, kwa kuwa maji ya tangi yalikwisha. Uwanda mkavu ule ule.

Baada ya hapo Fleury ndiyo iliyobaki kati ya Wajerumani na Souville, na Souville ndiyo iliyobaki kati yao na Verdun. Usiku wa kuamkia 23 Juni walirusha makombora ya gesi ya sumu, kulipopambazuka wakakiingia kijiji. Tangu siku hiyo mpaka katikati ya Agosti kilitwaliwa na kutwaliwa tena mara 16. Nikisema "kijiji" nasema kwa mazoea. Nyumba zilianguka, kisha magofu yakapigwa, kisha kifusi kikapigwa mpaka mawe ya chokaa yakawa unga, na marubani waliokuwa wakipita juu waliijua Fleury kwa alama nyeupe tu kwenye udongo uliochimbuliwa. Tarehe 18 Agosti iliishia mikononi mwa Wafaransa. Kikosi kilichoichukua kilikuwa rejimenti ya askari wa miguu wa makoloni iliyoitwa ya Moroko, kwa sababu ya mahali ilipoundwa na si kwa sababu ya asili ya askari wake.

Rejimenti hiyohiyo ndiyo iliyoirudisha ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba, ikiwa imeongezewa nguvu na batalioni ya Wasenegali na kompeni mbili za Wasomali, askari waliotoka Djibouti ya leo. Watu wa pwani yetu ya mashariki walikuwa pale, kwenye matope ya Meuse, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwaka huohuo vita hivyohivyo vilikuwa vimefika Kilimanjaro na kwenye reli ya kati, na wapagazi wake ndio waliotuachia jina la Kariakoo.

Mapigano ya Verdun yalimalizika Desemba 1916. Yaliua watu wapatao 300,000, ukiwajumlisha wa pande zote mbili.

Hapa ndipo uzi wa sheria unaporudi. Vita vilipokwisha, maofisa wa serikali walichukua ramani na kuzipaka rangi. Palipoharibika kidogo pakapewa rangi ya buluu, palipoharibika zaidi njano. Nyekundu ilikuwa ya mahali ambapo kupasafisha kungegharimu kuliko thamani ya ardhi yenyewe: udongo wa juu umefukiwa, wa chini umepanda juu, makombora yasiyolipuka yamejaa, sumu za arseniki na risasi zimeingia ardhini, na maiti za watu na farasi ziko kila mahali. Fleury iliangukia kwenye nyekundu. Sheria ya tarehe 17 Aprili 1919 ilimpa kila aliyeharibiwa mali haki ya fidia, ila fidia haikurudisha kijiji. Serikali ilinunua mashamba na kuyakabidhi kwa idara ya misitu. Kwenye eneo zima la mapigano ilipandwa mamilioni ya miti, mingi ikiwa misonobari myeusi ya Austria, ambayo inavumilia udongo mbaya. Leo msitu huo una hekta zipatazo 10,000.

Sasa mtu wa kawaida angesema: watu wamekwenda, nyumba hamna, ardhi ni ya serikali, basi futa jina uunganishe na jirani. Kwa hesabu za ofisini hilo lilikuwa rahisi. Lakini watu wa Fleury walikuwa bado wapo, wametawanyika Ufaransa nzima, wakiwa na madai ya fidia, na ushahidi wa nani alizaliwa wapi na alimiliki nini ulitakiwa uwe na mwenyewe. Komuni ingefutwa, nani angedai kwa niaba yake? Na lilikuwako jambo la heshima. Nchi iliyokuwa ikimwandikia kila askari aliyeuawa maneno "amekufa kwa ajili ya Ufaransa" iliyatumia maneno hayohayo kwa vijiji. Ukishasema kijiji kimekufa shahidi, kukifuta kwenye orodha ni kukiua mara ya pili. Sheria ya tarehe 18 Oktoba 1919 ikatoa suluhisho: komuni zilizoangamizwa zibaki komuni, na mahali pa baraza la kuchaguliwa pakae tume ya manispaa inayoteuliwa na prefe, yule mwakilishi wa serikali kuu katika departementi.

Uendeshaji wake hauna miujiza. Tume ina watu watatu. Mwenyekiti wake ana mamlaka ya meya na kila mtu anamwita meya. Hachaguliwi kwa sababu ya kawaida kabisa: hakuna mpiga kura. Hulipwa? Kazi ni ya kujitolea zaidi kuliko cheo, na mara nyingi anayepewa ni mjukuu au kitukuu wa walioondoka ile Februari. Anatunza njia, kanisa dogo na mnara wa majina, anaandaa siku ya kila mwaka ambapo vizazi vya wanakijiji hukutana, na anatia sahihi yale yanayohitaji sahihi ya komuni. Wako wanaoona ni upotevu wa karatasi. Mimi naona ni moja ya mambo machache ambayo urasimu umewahi kufanya kwa upole.

Si Fleury peke yake. Vijiji vilivyoangamizwa kuzunguka Verdun ni tisa, na hapa wasimulizi wengi huchanganya, wakidhani vyote viko sawa. Sita havikujengwa tena na havina mtu: Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont, Louvemont na Fleury. Hivyo ndivyo vyenye meya wa kuteuliwa. Vitatu, yaani Ornes, Vaux na Douaumont, vilipata nyumba chache baadaye, wakati mwingine pembeni ya pale vilipokuwa, kwa hiyo vina wakazi na vinapiga kura kama wengine. Na hapo kuna kichekesho cha sheria. Tarehe 1 Januari 2019 Douaumont na Vaux, vyenye watu, vilikubaliana kuungana vikawa Douaumont-Vaux. Vijiji vyenye watu vinaweza kuamua kujifuta. Visivyo na watu vimebaki vyote sita.

Ukienda Fleury leo hutaona gofu. Wengi hufika wakitarajia kuta zilizobomoka na hukuta msitu wenye njia za kutembea kwa miguu, na sakafu ya msitu imekunjamana kama kitambaa kilichofinywa mkononi. Kila bonde dogo ni shimo la kombora. Hakuna futi kumi za usawa. Kando ya njia vimesimamishwa vijiguzo vyenye maandishi kuonyesha barabara ilipopita na nani alikaa wapi: hapa mwoka mikate, hapa shule, hapa shamba la fulani. Unasimama mbele ya kijiguzo, unasoma, unainua macho kutafuta mlango, na unaona jani na kivuli. Mahali pa kanisa pana kanisa dogo la miaka ya 1930. Kituo cha reli ndipo lilipojengwa jumba la makumbusho ya vita, lililofunguliwa 1967 kwa juhudi za askari wazee wakiongozwa na mwandishi Maurice Genevoix, ambaye mwenyewe alipigana vita hivyo. Jumba hilo ndilo lenye anwani ya posta, na anwani ni ya Fleury-devant-Douaumont.

Juu kidogo, karibu na lile Jumba la Mifupa lililozinduliwa 1932 likiwa na mabaki ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana, Wafaransa kwa Wajerumani pamoja, ndipo lilipo shamba la makaburi ya taifa linaloitwa kwa jina la Fleury. Ni makaburi 16,142. Karibu yote yana misalaba myeupe, iliyopangwa kwa mstari. Lakini upande mmoja mistari inapinda. Hapo kuna mawe 592 ya Waislamu, askari wa makoloni, na yamegeuzwa yaelekee kibla, kwa hiyo hayalingani na misalaba. Jicho linaiona tofauti hiyo kabla akili haijajua sababu. Mnara wao wenyewe, wenye kuba na matao, ulizinduliwa 2006 tu, miaka 90 baada ya mapigano.

Si kila aliyetaka kulala hapo alikubaliwa. Marshal Pétain, aliyeongoza ulinzi wa Verdun mwanzoni mwa mapigano na baadaye akaiongoza serikali iliyoshirikiana na Hitler, alitaka azikwe Douaumont pamoja na askari wake. Alikufa 1951 akiwa mfungwa, akazikwa kwenye kisiwa cha Yeu. Mwaka 1973 wafuasi wake waliiba jeneza usiku ili walipeleke Douaumont. Lilipatikana baada ya siku chache, likarudishwa kisiwani.

Na wafu hawajaisha kutoka. Mwaka 2013, ndani ya Fleury yenyewe, yalipatikana mabaki ya askari 26 wa Kifaransa chini ya ardhi ya kijiji, na saba wakatambuliwa kwa majina. Kwenye msitu unaozunguka wanakisiwa kuwapo makumi ya maelfu. Mabomu nayo bado yanaokotwa, na kikosi cha kuyategua kinafanya kazi hiyo kila mwaka bila kukosa. Ndiyo sababu mgeni anaombwa asiache njia na asiokote chuma chochote, hata kikionekana kimeoza.

Misonobari ya kwanza ilishakomaa, na sehemu nyingi imekatwa ili kuachia miti ya asili yenye majani mapana irudi. Mashimo ya makombora yanaachwa yalivyo. Katika uwanda ambao zamani ulipitisha maji kama chujio, mashimo mengi sasa yanashika mvua, kwa kuwa mlipuko ulisaga na kugandamiza udongo wa chini. Majira ya kuchipua yanapofika, humo hutaga chura mdogo mwenye tumbo la manjano, aina iliyoadimika sehemu nyingi za Ulaya, ambaye hataki ziwa wala mto. Anataka kidimbwi kidogo chenye jua, na juu ya mashamba ya zamani ya Fleury vidimbwi hivyo ni vingi.